Suruali ya Laki Sita



Mama mmoja, mkulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, ametuletea barua ya kurasa mbili. Imeandikwa kwa mkono wa mtoto wake mdogo wa shule, kwa maana yeye mwenyewe, asema, macho yake yamechoka. Hatutataja jina lake wala parokia yake. Mwanawe wa pili yuko chuoni Dar es Salaam. Baada ya kuuza pamba kwa shilingi 1,150 kila kilo, mama huyo alimpelekea kijana shilingi 650,000, za kodi ya chumba na chakula cha miezi mitatu. Kijana alipokuja nyumbani kwa sikukuu ya Noeli, alikuwa amevaa suruali ya jinzi yenye kibandiko cha ngozi nyuma ya kiuno, na juu yake jina la kigeni. Binti wa jirani, aliyepata kukaa mjini, alimnong'oneza mama bei ya suruali kama ile: shilingi 600,000. Mama alidhani anataniwa. Alipomwuliza mwanawe, kijana hakukana. Alijibu, "Mama, hii si suruali tu. Hili ni jina."

"Baba Padre," aandika mama, "nimelima pamba miaka thelathini, nami sikujua ya kuwa pamba yaweza kuwa ghali namna hii. Niambie ukweli. Je, ipo suruali yenye thamani ya fedha hiyo? Kama ipo, nitanyamaza. Kama haipo, nimwambie nini mwanangu?"

Barua hii imekaa juu ya meza yetu majuma mawili. Twaweza kuijibu kwa neno moja, kwamba ni ubatili, kisha tukafunga ukurasa. Lakini jibu la haraka namna hiyo halitamsaidia mama, na kijana atalicheka. Atasema: Padre avaa kanzu, ajua nini habari ya jinzi? Tena mama hakuuliza kama mwanawe ni mpumbavu. Aliuliza kama kitu kile kina thamani ya fedha iliyotolewa. Hilo ni swali la haki, nalo lastahili kujibiwa kwa haki.

Kwanza tuseme lile tusilolitafuta. Wazee wakumbuka Operesheni Vijana ya mwaka 1968, wakati vijana wa TANU walipopiga vita sketi fupi na suruali za kubana mjini Dar es Salaam. Leo hatusemi juu ya umbo la vazi. Jinzi ni vazi la heshima likivaliwa kwa heshima, na Dominika nyingi twawaona vijana wema wakipokea Komunyo Takatifu wakiwa wamelivaa. Neno letu ni juu ya bei.

Na ajabu ya kwanza ni hii, kwamba suruali ya jinzi ilizaliwa kuwa vazi la mtu wa kazi. Mwaka 1870, katika mji wa Reno, jimbo la Nevada huko Marekani, mke wa mkata kuni mmoja alikwenda kwa fundi cherehani jina lake Jacob Davis, mhamiaji mzaliwa wa Riga. Mumewe alikuwa akichana suruali zake upesi, naye akaomba ashonewe iliyo imara. Davis akaishona, kisha akagonga vishikizo vidogo vya shaba katika pembe za mifuko, mahali pale ambapo mshono hufumuka kwanza. Bei yake ilikuwa dola 3. Watu wa kazi wakaipenda, wakaja wengi. Fundi hakuwa na fedha ya kulinda uvumbuzi wake, akamwandikia mfanyabiashara wa vitambaa wa San Francisco, Levi Strauss, mzaliwa wa Ujerumani, washirikiane. Tarehe 20 Mei 1873 wakapewa hataza na serikali ya Marekani. Basi vile vishikizo vya shaba ambavyo kijana wetu avionyesha kwa rafiki zake viliwekwa pale kwa ajili ya mtu mwenye shoka.

Kwa muda wa miaka mia moja hivi jinzi iliendelea kuwa hivyo, vazi la mchimba madini, la mchunga ng'ombe, la fundi wa gereji, kisha la vijana wa kila tabaka. Mwishoni mwa miaka ya 1970, huko New York, wabunifu wa mavazi wakaanza kushona majina yao juu ya mfuko wa nyuma na kuongeza bei. Mwaka 1980 mmoja wao, Calvin Klein, alitangaza jinzi zake katika televisheni kwa kumtumia Brooke Shields, binti wa miaka 15, kwa maneno yaliyowachukiza wazazi wengi, hata baadhi ya vituo vya televisheni vikakataa kulionyesha tangazo lile. Suruali zikauzwa sana. Tangu hapo wauzaji wamejua kwamba mnunuzi hatafuti kitambaa peke yake. Atafuta kuonekana kuwa mtu fulani, na kwa hilo atalipa zaidi kuliko alipavyo kwa kitambaa.

Je, tuseme basi kwamba hakuna tofauti kati ya jinzi na jinzi? Hapana, huo ungekuwa uongo. Tofauti ipo, na mwenye kuijua cherehani aijua. Huko Kojima, katika mkoa wa Okayama nchini Japani, wako mafundi wafumao kitambaa cha jinzi kwa mitambo ya zamani iendayo polepole, ambayo hutoa kitambaa chembamba kwa upana lakini kizito, chenye kingo zilizofungwa zisizofumuka. Uzi wake huchovywa katika rangi ya nili mara nyingi, na rangi hushika nje ya uzi tu, moyo wake ukabaki mweupe. Ndiyo sababu jinzi hupauka taratibu kwa kufuata mwili wa mwenye kuivaa. Kazi kama hiyo hutaka muda na ustadi, na fundi astahili ujira wake. Mtu mwenye uwezo akinunua vazi imara la namna hiyo, akalitunza, akalivaa miaka mingi, hatuna la kumlaumu. Aghalabu maskini ndiye alipaye mara nyingi, kwa kununua kitu duni kila baada ya miezi mitatu.

Lakini sikilizeni. Kutoka suruali duni hadi suruali njema, fedha iongezwayo hununua kitambaa, mshono, zipu isiyokwama na mfuko usiotoboka. Kutoka suruali njema hadi ile ya dola 200 au 300, sehemu kubwa ya fedha iongezwayo hununua jina, kodi ya duka la fahari, matangazo na faida ya mwenye chapa. Tena suruali nyingi za jina kubwa hazina hata ule uzito wa kitambaa. Zimechanganywa na nyuzi za mpira ili zibane mwili, na nyuzi hizo hulegea kwa maji ya moto na jua la kamba ya nguo. Nyingine huuzwa zikiwa zimekwisha kuchanwa magotini. Mkata kuni wa Reno angeshangaa kusikia kwamba watu hulipa ghali kununua kile ambacho mkewe alikwenda kwa fundi kukikimbia.

Tufanye hesabu ya nyumbani, isiyohitaji chuo. Suruali imara ya jinzi ya shilingi 40,000, ikivaliwa mara mbili kwa juma kwa miaka miwili, itakuwa imevaliwa mara 200 hivi. Kila siku ya kuivaa imegharimu shilingi 200. Suruali ya 600,000, ili igharimu shilingi 200 hizo hizo, yapasa ivaliwe mara 3,000, yaani mara mbili kwa juma kwa muda wa miaka karibu 29. Kijana wa miaka 21 aliyeinunua leo atapaswa kuivaa mpaka atimize miaka 50. Hata kama kitambaa kitavumilia, tumbo lake halitavumilia.

Sasa tuitazame pamba, maana aliyetuuliza ni mkulima wa pamba. Suruali moja ya jinzi ina uzito usiofika kilo moja. Pamba mbegu kilo tatu, ikipitishwa katika mashine ya kuchambulia, hutoa pamba safi kilo moja hivi. Kwa hiyo, hata kama suruali ile ilitokana na shamba la mama huyu, naye tukimhesabia kwa ukarimu, fungu lake katika suruali ni kilo tatu, yaani shilingi 3,450. Na shilingi 600,000 alizotoa kijana dukani ni kilo ngapi za mama yake? Zapita kilo 500. Mama yule aliinama shambani, akapalilia, akapiga dawa, akachuma, akabeba kilo zaidi ya 500, na mwanawe akazibadilisha kwa kilo tatu zilizoandikwa jina la mtu mwingine. Mwanangu, kama wasoma gazeti hili, hesabu hii ndiyo iliyomliza mama yako. Hakulia kwa sababu hapendi upendeze.

Twaendelea mbele, kwa kuwa si mkulima peke yake aliyemo ndani ya suruali. Yumo mfumaji, yumo mshonaji, yumo mwenye kuipausha. Wako watu wasemao, "Nikilipa ghali, angalau yule aliyeishona amelipwa vizuri." Laiti ingekuwa hivyo! Bei ya dukani haituambii lolote juu ya ujira wa kiwandani. Nchini Uturuki, kwa miaka kadhaa, vijana waliajiriwa kupiga jinzi mpya kwa mchanga uliosukumwa na pampu ya hewa, ili zionekane zimechakaa. Vumbi la mchanga lilijaa katika mapafu yao, wakapata ugonjwa uitwao silikosisi, ugonjwa wa wachimba miamba, na wengine wakafa wangali vijana. Serikali ya nchi hiyo ilipiga marufuku kazi hiyo mwaka 2009. Mapafu ya kijana mmoja yalichakaa ili suruali ya kijana mwingine ionekane ya zamani.

Wala tusidhani kwamba kilicho rahisi ndicho kitakatifu. Tarehe 24 Aprili 2013, huko Savar karibu na Dhaka, nchini Bangladesh, jengo la Rana Plaza lilianguka likiwa limejaa washonaji wa nguo za kuuzwa Ulaya na Amerika, nyingi zikiwa za bei ndogo. Walikufa watu zaidi ya 1,100, wengi wao wanawake. Siku iliyotangulia nyufa zilionekana ukutani, nao bado wakarudishwa kazini. Majuma machache hayakupita, tarehe 1 Mei, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Baba Mtakatifu Fransisko akasema katika mahubiri yake kwamba kuwalipa watu wale euro 38 kwa mwezi ni utumwa. Na jambo hili si la mbali nasi. Lesotho, na Athi River nchini Kenya, wako maelfu ya akina mama wa Kiafrika washonao jinzi ziendazo Marekani. Mtume Yakobo alikwisha kutuonya kwamba ujira ulionyimwa wavunaji walia, na kilio chake chafika masikioni mwa Bwana. Papa Leo wa 13 alilichukua fundisho hilo mwaka 1891 alipoandika juu ya haki ya wafanyakazi, na Baba Mtakatifu Leo wa 14, alipochaguliwa mwaka 2025, alieleza kwamba alijitwalia jina hilo hasa kwa ajili ya fundisho lile.

Kanisa basi lafundisha nini juu ya mavazi? Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilitafakari jambo hili zaidi ya miaka 700 iliyopita. Alisema kwamba kosa halimo katika kitu chenyewe, limo katika mtu akitumiaye bila kiasi: akitafuta sifa kwa vazi, au akitafuta anasa ya mwili, au akitumia fikira zake zote kwa ajili ya nguo. Kisha, akimfuata Mtakatifu Augustino, aliongeza jambo ambalo ni kama aliwaona vijana wa leo: mtu aweza kujivuna hata kwa nguo chakavu. Jinzi iliyochanwa makusudi na kuuzwa laki sita ni ushahidi wa maneno hayo.

Na Bwana wetu mwenyewe alivaaje? Hapa twapata faraja, na pia onyo. Mwinjili Yohane atusimulia kwamba kanzu ya Yesu haikuwa na mshono, ilifumwa nzima tangu juu hata chini, na askari waliomsulibisha walikataa kuichana, wakaipigia kura. Mapokeo ya kale ya waamini yasema kwamba mama yake ndiye aliyeifuma. Basi Bwana wetu hakudharau vazi jema. Alivaa vazi imara, la mkono wa fundi. Lakini twamkumbuka pia yule tajiri wa Injili ya Luka, aliyevaa zambarau na kitani safi. Zambarau ile ilikuwa ndiyo nguo ya jina kubwa wakati ule, iliyotiwa rangi kwa utomvu wa konokono wa bahari kwa gharama nyingi. Bwana hakusema kwamba tajiri yule aliiba. Alisema tu kwamba Lazaro alilala mlangoni pake.

Hapa yatupasa kuacha kumtazama kijana wa barua, tujitazame sisi. Maana wako kati ya wasomaji wetu wazazi wenye kazi nzuri mjini, ambao watoto wao wana suruali kama ile mbili au tatu, nao hawakuiba fedha ya mtu. Kwenu, ndugu zangu, twauliza swali moja tu. Binti wa kazi nyumbani mwenu, yule aifuaye suruali hiyo na kuipiga pasi, alipwa kiasi gani kwa mwezi? Afanye kazi miezi mingapi ndipo ujira wake ulingane na nguo aliyoishika mkononi? Mchungaji wa roho aliyeingia katika nyumba nyingi za waamini ajua jibu la swali hili, naye huona aibu kulitaja. Mtakatifu Basili alifundisha katika karne ya nne kwamba nguo iliyolala sandukuni mwako ni mali ya yule aliye uchi. Tungeweza kusema vilevile kwamba nusu ya suruali iliyoning'inia kabatini ni mshahara wa yule aliyeipiga pasi. Kabla ya kununua jina, mlipeni kwanza mtu aliye ndani ya nyumba yenu.

Na isidhaniwe kwamba mwandishi wa maneno haya asimama juu ya mlima. Nilipokuwa mwanafunzi katika seminari kuu, wakati wa likizo moja, nilimwomba kaka yangu fedha za kununua vitabu. Yeye ni fundi mwashi, na fedha ile aliipata kwa kubeba zege. Nikapita sokoni, nikaona suruali ya jinzi yenye jina lililokuwa likisifiwa na kila mtu, nikaacha vitabu nikainunua. Nilijiambia kwamba nitakapokwenda matembezi hakuna atakayenidharau. Baada ya kufuliwa mara tatu herufi moja ya jina ikabanduka, na wenzangu wakanionyesha kwamba hata herufi zilizobaki zilikuwa zimeandikwa kwa makosa. Ilikuwa bandia. Nilikasirika sana kwamba nimedanganywa. Ilinichukua siku nyingi kutambua kwamba mimi nilimdanganya kaka yangu kabla ya mchuuzi kunidanganya mimi. Nililiungama jambo hilo, na padre mzee aliyenisikiliza akanipa malipizi ambayo sikuyatazamia: nikamwambie kaka yangu ana kwa ana. Kaka alinisikiliza, akanyamaza, kisha akaniuliza kama suruali yenyewe angalau ilinikaa vizuri. Swali lile liliniumiza kuliko karipio.

Kwa hiyo najua kijana alimaanisha nini aliposema, "Hili ni jina." Kijana wa shamba akiingia mjini, kati ya wenzake wenye simu za bei kubwa na baba zao wenye magari, ajiona kama hana jina. Atafuta la kuazima. Na wafanyabiashara wa dunia wamelijua jeraha hilo, wamelishonea kibandiko cha ngozi. Wazazi, msilicheke jeraha la watoto wenu. Kijana aliyedharauliwa kwa sababu ya viatu vyake haponi kwa kuambiwa kwamba viatu si kitu.

Lakini jina analo. Siku ile alipoletwa kanisani akilia mikononi mwa mama yake, Padre aliwauliza wazazi wake, "Mmempa mtoto huyu jina gani?" Akatajwa kwa jina lake, akabatizwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, akavikwa vazi jeupe. Vazi lile, kwa wengi wetu, lilikuwa kitambaa cha bei ndogo sana, pengine kipande cha shuka. Hakuna duka duniani liuzalo kitu kinacholingana nalo. Mwenye kulijua hilo aweza kuvaa nguo ya mtumba aliyoichagua kwa makini sokoni, akaingia darasani kichwa kikiwa juu. Na mwenye kulisahau, hata akivaa laki sita kila siku, atahitaji ya laki saba mwakani.

Mama mpendwa, shikamoo. Mimi niliye na umri wa mwanao mkubwa nakujibu sasa kwa ufupi, kama ulivyotaka.

Uliuliza kama ipo suruali yenye thamani ya fedha hiyo. Ziko suruali njema zenye kustahili bei kubwa kuliko nyingine, kwa sababu ya kitambaa na kazi ya mikono. Lakini kwa kijana aishiye kwa jasho la mama yake, suruali ya laki sita haipo, hata kama ingefumwa kwa dhahabu. Thamani ya kitu haipimwi dukani peke yake, hupimwa pia pale fedha ilikotoka. Fedha ile ilikuwa na kazi yake: kodi na chakula. Aliitoa katika kazi yake bila ruhusa yako, na hilo ni kosa la haki kabla halijawa kosa la majivuno.

Uliuliza umwambie nini. Usimwambie habari ya mavazi. Mwambie habari ya kilo 500. Zaidi ya hayo, wakati wa kupalilia utakapofika, mwambie aje. Akipalilia nawe kwa juma moja ataelewa hesabu ambayo makala yetu haiwezi kumfundisha. Ikiwa suruali bado ni mpya, na aiuze, arudishe itakachopata, na sehemu iliyobaki ailipe kidogo kidogo kwa kazi ya likizo. Kulipa deni la mzazi si aibu. Kisha akaungame. Baada ya hapo, Mama, usiikumbushe tena habari hiyo mbele ya jirani wala mbele ya wadogo zake. Deni lililolipwa limekwisha.

Na wewe, kijana, siku utakapopata mshahara wako wa kwanza na kuingia dukani kununua jinzi, igeuze ndani nje. Tazama mishono kama imeshonwa mara mbili, vuta mfuko, pima uzito wa kitambaa mkononi, jaribu zipu. Ukiona ni imara, lipa bei ya haki kwa furaha, na usimpunje mwuzaji. Kisha tafuta kitambaa kizuri cha kitenge umpelekee mama yako kabla hujavaa ya kwako.

Wasomaji wapenzi, Bwana wetu atualika tuyatazame maua ya kondeni, jinsi Baba yavikavyo mavazi ya kumshinda Sulemani. Mama yetu huyu ayatazama maua ya pamba kila mwaka. Tumwombee mavuno mema msimu huu, na tumwombee mwanawe arudi shambani akiwa na jembe. Bikira Maria, aliyemlea Mwana wa Mungu katika nyumba ya fundi seremala huko Nazareti, awaombee akina mama wote wanaowasomesha watoto kwa jasho lao. Amina.